Kiwiko cha Sidi

Kabla sijasema lolote, tuelewane kwanza kuhusu mkono, maana Mjambere nzima siku hizi ni marefa. Muuza mahamri ni refa, fundi wa baiskeli ni refa, hata wale vijana wanaoshinda nje ya duka wakitafuna majani ya muguka nao wamekuwa marefa. Kila mmoja ana la kuniambia. Kanze ulifanya hivi, Kanze ulifanya vile. Haya, nami nina mdomo. Sikilizeni.

Mchezaji wa mpira wa kikapu anapodunda mpira kwa mkono mmoja, ule wa pili hana pa kuupeleka. Hawezi kuuacha nyumbani. Sheria inamruhusu aukunje kwenye kiwiko na auweke mbele ya kifua, uwe ukingo kati ya mlinzi na mpira. Mlinzi akija mwenyewe akaugonga, shauri lake. Lakini mchezaji akiunyoosha, akasukuma kwa kiganja, au akamzungushia mwenzake kiunoni kama ndoana ili apite, hiyo ni faulo. Faulo tano, unatoka nje. Ni hilo tu, wala si elimu ya chuo. Taabu ni kwamba kati ya kukunja na kunyoosha pana nafasi ndogo sana, na refa hapewi muda wa kwenda kuuliza jirani.

Sidi ni binti wa Katana, ndugu yangu anayevunja mawe Mwakirunge. Mkono huo nilimfundisha mimi. Tulikuwa uani kwetu, nikamkunja kiwiko, nikamwekea kifuniko cha sufuria juu ya mkono, nikamwambia adunde mpira akizunguka kamba za nguo. Kifuniko kikianguka, umenyoosha. Kilianguka hicho! Majirani walikuja kuuliza kama tumefungua karakana. Nilimfokea, akalia, akakiokota, akarudia. Ikafika siku kikakaa, akazunguka nacho uani kote, akacheka mpaka akanichekesha na mie.

Mimi nilicheza hadi goti likanikataa. Sasa nafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja huko Shanzu. Ni kazi ya mvuke na jasho, lakini siisemi vibaya, yanilisha. Ila Jumamosi nikivaa filimbi shingoni ndipo nakuwa Kanze. Filimbi ndiyo iliyonirudisha uwanjani wakati nilidhani nimekwisha. Ning'oe jino, nitanyamaza. Filimbi usiiguse.

Basi siku ya fainali ya wasichana, Mjambere na Likoni, Bwana Mwangi alinivuta kando hata kabla sijafunga kamba za viatu. Bwana Mwangi ndiye anayepanga marefa wa chama chetu cha kikapu. Ni mtu wa bara, mpole, ana haraka siku zote.

"Madam Kanze," akaniambia, "wiki ijayo napeleka majina ya marefa wa ligi ya kaunti. Lako liko ndani. Lakini leo unachezesha mtoto wa ndugu yako."

"Basi lete refa mwingine, bwana. Mie nitakaa nitazame kama watu."

"Sina mwingine, na wewe unajua. Nachosema ni hivi: nikiletewa lalamiko moja tu la undugu, sitaweza kukutetea. Jina litafutwa, na filimbi utarudisha."

Ligi ya kaunti ndiyo niliyokuwa nikiiota kwenye mvuke wa mashuka. Na filimbi yenyewe, ile nyeusi nzuri, ilikuwa ya chama.

Sasa huku kwetu tuna desturi. Refa akiwa na damu yake uwanjani, hutangaza mbele ya timu zote mbili kabla mpira haujarushwa, na upande wa pili una haki ya kumkataa. Nikasimama katikati ya uwanja, nikapaza sauti: "Nambari saba wa Mjambere ni mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja. Likoni, mwanikubali au mwanikataa?"

Kocha wa Likoni alikuwa Najib, mtu mmoja mrefu, nadhifu, ana maneno matamu hadi yanakera. Akacheka, akashika kifua.

"Ah, shangazi! Tukukatae kwani una nini? Wewe ni mkali kuliko mahakama ya Shanzu. Twakukubali, tena kwa moyo mkunjufu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikafurahi, mjinga mie. Sikujiuliza kwa nini mtu anikubali upesi namna ile.

Mpira ukaanza. Uwanja wetu wa Mjambere ni saruji iliyochanganywa na vumbi la mawe, ukianguka unaacha ngozi. Jua lilikuwa kali na watu wamejaa hadi kwenye mistari. Mie nilichezesha upande mmoja, na refa mwenzangu Matthew, kijana mwenye macho mazuri, upande wa pili.

Sidi alikuwa na pupa. Msichana wa Likoni aliyekuwa akimlinda aliitwa Mwanatatu, mwembamba, mwepesi, yuwamganda kama nguo mbichi. Sidi akaona njia ya kumtoa ni mkono. Akasukuma mara ya kwanza, Matthew akapiga filimbi. Akasukuma tena, nikapiga mie. Ya tatu Matthew. Ya nne, sasa, robo ya pili haijaisha, alimzungushia Mwanatatu mkono kiunoni akajipitisha. Ndoana kabisa! Nilipiga filimbi mpaka masikio yangu yakauma.

"We Kanze!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka kwa mashabiki. "Mtoto wa nduguyo!"

"Roho mbaya hiyo!" akadakia mwingine.

Sidi alinitazama. Ya nne. Moja tu imebaki. Kocha wao akamtoa akamkalisha. Nasema kocha wao, si wetu, kwa sababu siku hiyo sikuwa na timu.

Wakati wa mapumziko nilikwenda kunywa maji kwenye tangi lililo nyuma ya benchi la Likoni. Hawakuniona. Najib alikuwa amechutama mbele ya Mwanatatu, na ile sauti ya asali imekwisha, amebaki na sauti ya kazi.

"Sikiza," alimwambia. "Yule saba akirudi, mkaribie. Akiinua ule mkono tu, ukuguse usikuguse, lala chini na upige ukelele. Shangazi yuwaogopa maneno ya watu. Atapiga filimbi, atake asitake. Kwani mie nilimkubali kwa nini?"

Mwanatatu akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama hakunisukuma, kocha?"

"Wewe wataka kombe au wataka kuswali? Lala chini."

Maji yalinipalia. Nilitaka kutoka pale nimmwagie Najib tangi zima kichwani. Nikajizuia. Ningemwambia nani? Bwana Mwangi? Angeniuliza, una shahidi? Angeona shangazi mtu anatafuta kisingizio mapema. Nikarudi uwanjani na hasira, na chini ya hasira palikuwa na hofu, kwa sababu Najib alisema kweli. Niliogopa maneno ya watu. Kila nilipogeuka nilimwona Bwana Mwangi amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika soda asiyoinywa, ananitazama mimi, hatazami mpira.

Sidi alirudi robo ya tatu. Na sasa alikuwa mtu mwingine. Mkono wake wa pili aliuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Ameogopa faulo ya tano, ameamua asiwe na mkono kabisa. Mwanatatu akamnyang'anya mpira kirahisi. Akamnyang'anya tena. Likoni wakaongoza.

Jamani, hapo niliteseka. Nilikuwa nakimbia naye bega kwa bega, na mdomoni nina maneno yote: kunja kiwiko, kirudishe mbele, ni haki yako! Lakini refa hafundishi. Refa akimfundisha mchezaji mmoja neno moja, amekwisha. Nikatafuna filimbi nikanyamaza, na Sidi akaendelea kunyang'anywa mbele ya macho yangu.

Mara moja tu, katikati ya robo ya nne, alijisahau akainua mkono. Mwanatatu akatupa kichwa nyuma akaanguka, "Aaai!" Sidi alikuwa mbali naye kiasi cha kupitisha baiskeli katikati. Mie na Matthew hatukupiga filimbi. Benchi la Likoni likasimama lote.

"Mkono huo, refa! Hukuona?"

"Ameona! Si mwanawe?"

Najib hakupiga kelele. Alimgeukia Bwana Mwangi tu, akafungua mikono, kama kusema, wajionea mwenyewe. Bwana Mwangi akaiweka soda chini.

Nilijua lalamiko limeshapikwa, linangoja kupakuliwa tu. Na nilijua dawa yake. Ilikuwa nyepesi sana: nimpigie Sidi faulo ya tano. Yoyote. Ya kweli au ya uongo. Hapo hapo ningekuwa Kanze mwadilifu, Kanze asiyejali damu, Kanze wa ligi ya kaunti. Najib mwenyewe angenipa mkono.

Mjambere wakakazana. Mchezo ukafika mwisho na Likoni wako mbele kwa pointi moja, na mpira uko kwa Sidi. Watu walikuwa wamenyamaza mpaka nikasikia lori la mawe likipita barabarani. Sidi alikuwa akidunda, Mwanatatu yuko mbele yake, ameinama, mikono wazi.

Nikamwona Sidi akitazama mkono wake. Wallahi nilimwona, japo mie ni Mkristo na kiapo hiki nimekiokota kwa majirani. Aliutoa nyuma ya mgongo. Akaukunja. Akauleta mbele ya kifua, pale pale tulipoweka kifuniko, na akaenda.

Mwanatatu akaingia mbele yake. Kifua chake kikagonga ule mkono. Akapiga ukelele, akaruka nyuma, akaanguka chali kwenye saruji kwa kishindo ambacho hata mimi kiliniuma.

Filimbi ilikuwa kati ya meno. Pumzi ilikuwa imejaa kifuani, iko tayari. Likoni nzima ilikuwa imeshainua mikono, "Faulooo!" Mjambere wenyewe walikuwa wameshika vichwa, wanangoja tu niipige, wamekwisha kukata tamaa. Hakuna mtu hata mmoja uwanjani pale ambaye angenilaumu.

Nikatazama kiwiko. Kimekunjwa. Nikatazama kiganja. Kimefungwa, kiko karibu na bega lake mwenyewe. Mkono haukwenda kwa Mwanatatu, Mwanatatu ndiye aliyeufuata. Kifuniko kingekaa.

Nikaimeza pumzi.

Sidi akapiga hatua, akaruka, akaweka mpira kikapuni. Muda ukaisha. Mjambere wakaingia uwanjani kama maji, wakambeba juu. Na mimi nikabaki nimesimama pale pale, filimbi bado mdomoni, meno yananiuma.

Najib hakukawia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mwangi, nami nikaenda kwa sababu sikuweza kusubiri kuitwa.

"Nalalamika," akasema. "Rasmi. Msichana wangu amesukumwa mbele ya halaiki, na shangazi mtu amefumba macho."

"Mwongo mkubwa we!" nikamwambia. "Ulinikubali mwenyewe mbele ya watu! Hukunikubali?"

"Nilikukubali uwe refa. Sikukukubali uwe shangazi."

Ningemrukia. Matthew alinishika mkono. Yeye alisema kweli yake, kwamba migongo ya wachezaji ilimziba, hakuona mkono. Sikumkasirikia. Bwana Mwangi akanigeukia.

"Uliona nini, Madam?"

"Niliona kiwiko kimekunjwa. Niliona mkono umekaa mahali pake. Mlinzi alikuja mwenyewe, tena kwa kutumwa, niliwasikia kwenye tangi."

"Mbona hukuniambia wakati ule?"

"Ungeniamini?"

Akakuna kidevu. "Mimi nilikuwa nimekaa kule, niliona migongo tu."

"Basi hukuona."

"Sikuona. Siwezi kusema ni faulo, na siwezi kusema si faulo. Matokeo yatabaki. Lakini nilikuambia lalamiko moja, na hili hapa limekuja." Akanyoosha kiganja. Haikuwa kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Samahani sana, Madam Kanze."

Nikavua kamba shingoni. Ilinasa kwenye nywele, nikaivuta kwa nguvu, ikatoka na nywele zangu. Nikamwekea filimbi mkononi. Akaitia mfukoni akaenda kwenye pikipiki yake, na hakugeuka.

Nilijiambia, haidhuru. Nilijiambia, angalau yule mtoto anajua. Watu wote wa Likoni na Mjambere waseme watakavyo, Sidi anajua, maana mkono ni wake na kifuniko alikiokota yeye.

Ndipo akaja. Alikuwa amelowa jasho, kombe wameshika wenzake, yeye amekuja mbio kunikumbatia. Akaniwekea mdomo sikioni.

"Ahsante, shangazi," akaninong'oneza. "Umenisitiri. Nilijua ni ya tano. Sitakusahau."

Nilimsukuma. Ndiyo, nilimsukuma kwa mikono miwili iliyonyooka, na kama kungekuwa na refa ningestahili faulo.

"Umesema nini?"

"Shangazi, punguza sauti, watu..."

"Watu gani? Nimekusitiri nini? We Sidi, nimekusitiri nini?"

Akaanza kutazama chini. "Kwani... si nilimsukuma? Alianguka, shangazi."

Sikujua kama nicheke au nilie. Nikalia. Mbele ya watu, kwenye uwanja wangu mwenyewe, nililia kama mjinga. Nimetoa filimbi, nimetoa ligi ya kaunti, nimefanywa mwizi na yule Najib nadhifu, na huyu, huyu hasa, anadhani nimeiba kwa ajili yake!

Karibu na nguzo ya kikapu Jumwa alikuwa anakaanga viazi karai, mafuta yanapiga kelele. Nikamwendea.

"Jumwa, nipe kifuniko."

"Kifuniko cha nini, dada? Kina mafuta."

"Nipe!"

Akakifuta kwa leso yake akanipa, bila kuuliza tena. Nikamrudia Sidi, nikamshika mkono, nikamkunja kiwiko kwa nguvu, nikaweka kifuniko juu.

"Dunda."

"Shangazi..."

"Dunda mpira, nimesema! Pita kama ulivyopita."

Akadunda. Machozi yalikuwa yanamtoka. Wasichana wa Likoni walikuwa wanapanga mifuko yao waondoke wakawahi feri, na Mwanatatu alikuwa miongoni mwao, kiwiko kimechubuka kwa ile saruji. Alisimama akatutazama. Kisha akauweka mfuko chini, akaja.

"Shikamoo," akaniambia, macho hayakuinuka.

"Marahaba."

"Atapitaje peke yake?" akasema taratibu. "Lazima pawe na mtu mbele."

"Mwanatatu!" Najib akaita kutoka nje ya uwanja. "Mwanatatu, ndoo huku! Twenda!"

Msichana yule, ambaye kwao mtoto huitika abee kabla jina halijaisha kutamkwa, hakuitika. Alikwenda pale alipokuwa amesimama wakati ule. Akapiga hatua nyingine mbele, kidogo, akajirekebisha. "Nilikuwa hapa," akasema. "Si pale. Nilimjia." Akapanda miguu kwenye saruji, akafungua mikono.

Sidi alimtazama, akanitazama mimi. Akaenda. Mpira ukadunda mara moja, mara mbili, mkono umekunjwa mbele ya kifua. Kifuniko kikagusa fulana ya Mwanatatu, kikalia kidogo, kikatulia. Akapita. Mwanatatu alibaki amesimama wima.

Sidi aliacha mpira ukabingirika ukaenda zake. Bado ameshika mkono vile vile, anaogopa hata kupumua, anakitazama kile kifuniko cha Jumwa.

"Kumbe ilikuwa halali," akasema.

"Rudia," nikamwambia.

Mkono wangu ukaenda kifuani kutafuta filimbi, ukakuta fulana tupu. Nikapiga makofi mawili badala yake, na wale wasichana wakarudi mahali pao wakaanza tena.